Uyoga Uliokatwa Mikia

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mume wako na huyo mjukuu wangu mwenye mashavu. Nataka kujua mnaendeleaje, kikohozi cha mtoto kimekwisha au bado kinamsumbua, na wewe mwenyewe unapata nafasi ya kukaa chini ukala, au bado unakula umesimama kama mlinzi wa geti. Sisi huku ni wazima. Nasema ni wazima kwa sababu baba yako yuko hapo barazani anakunywa uji, namwona kwa macho yangu, kwa hiyo usianze kulia kabla hujamaliza kusoma.

Ule uyoga mkavu ambao bibi yako alikutumia kwa dereva wa lori, nilikuambia kwenye simu usiupike. Ukaniuliza kwa nini, nikasema basi tu, ukaudhika, ukasema mama naye ana mambo. Mwanangu, nisingeweza kusema. Bibi yako alikuwa amekaa ubavuni kwangu anachambua maharage, na sikio lote liko kwangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi na kalamu unajua tulivyo, hatujazoeana, lakini jambo lenyewe kwenye simu haliingii na kifuani halikai. 

Wewe umeondoka nyumbani siku nyingi, labda umesahau tunavyoishi na lile pori nyuma ya machimbo ya mawe. Bibi yako ndiye mwenye ufunguo wake. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, anatutoa kwenda kuchuma mnavu na mchicha pori, na mnavu anauchemsha, anamwaga maji ya kwanza, ndipo anauunga kwa kitunguu. Mvua ikishakolea, uyoga unatoka kwenye vichuguu. Mvua ikikatika tunafuata zambarau pori, tunarudi na meno meusi kama tumekunywa wino. Na jua likiwa kali kabisa, wakati wengine wanasema hakuna kitu, yeye anatuonyesha mahali pa kuchimba viazi pori, analoweka na kubadilisha maji mpaka uchungu unaisha. Mboga tuliachiwa tuchume wenyewe. Matunda vilevile. Lakini uyoga una sheria yake katika nyumba hii, na sheria hiyo niliikuta nilipoolewa, nikadhani ni madaha ya mama mkwe.

Sheria ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kuchimba ila anayechambua ni yeye peke yake. Unachimba na mkia wake wote, ule mzizi mrefu unaoingia ndani ya kichuguu, hata kama mkono utaingia mpaka kwenye kiwiko, na unauleta nyumbani na udongo wake. Yeye anaumwaga kwenye mkeka, anashika mmoja mmoja, anaweka huku au anatupa kule. Ukishaiva, anaonja yeye kwanza mbele ya wote. Kisha tunakaa. Anakunywa chai yake taratibu, kikombe kinaoshwa, tunazungumza mpaka mazungumzo yanaisha, ndipo anasema haya, kuleni. Wewe na mdogo wako mlikuwa mnalia kwa njaa mkisubiri, nakumbuka.

Sasa nikueleze. Wiki iliyopita wazazi wa mchumba wa mdogo wako walikuja kutuona kwa mara ya kwanza. Baba yake ni fundi saa, mtu mwembamba, mpole, ukimkaribisha anaomba radhi. Mama yake ni mkunga, ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Huyo mama alikuwa ametuma neno kwamba uyoga ndio ugonjwa wake. Bibi yako akafurahi mpaka akavaa kitambaa kipya kichwani. Mdogo wako akaenda kuchimba asubuhi, lakini wingu lilikuwa limeshuka, akang'oa kila alichokiona akakimbia nacho, akijua bibi atachambua. Akaleta kapu limejaa udongo, akaliweka kwenye sakafu niliyomaliza kuipiga deki.

Mimi nilikuwa jikoni na moshi wangu. Baba yako akaliona lile kapu na udongo ule, na fundi cherehani humjui? Kitu chenye ncha zinazoning'inia hakimpi raha. Akachukua mkasi wake wa kazi, akakaa chini, akakata mikia yote, mmoja mmoja, akapanga vichwa kwenye ungo safi kama vifungo. Alidhani anasaidia. Bibi yako alipoletewa ungo akatia mkono, akauacha humo ndani bila kuusogeza. Akauliza nani amekata mikia. Baba yako akajibu kwa kucheka kwamba ni yeye, amempunguzia mama kazi. Nilisikia kutoka jikoni. Bibi akasema sawa. Mimi nikaona ni sawa. Wageni walikuwa wanavua viatu mlangoni, na nikasikia bibi anawaambia kwa sauti kwamba leo watakula kilichochaguliwa na mikono yake. Akachambua, akatupa mwingi kuliko siku zote, akakata vipande akaniletea, nikapika.

Chakula kikatengwa. Bibi akanyoosha mkono, akasema leteni sahani yangu nianze. Mwanangu, baba yako, ambaye tangu nimemjua hajawahi kuonja kwanza, akaikwapua ile sahani akaiweka mapajani. Akasema leo mwenye nyumba ni yeye, mama apumzike, na tangu asubuhi harufu inamtesa. Bibi akampiga kofi la mkono, akasema huyu tangu ananyonya ni mlafi. Wageni wakacheka. Mkunga akasema wa kwake alikuwa hivyo hivyo, mpaka sasa akifunua sufuria lazima mfuniko uanguke. Baba yako akala. Na hakuonja, alikula sahani nzima, akaipangusa kwa kidole. Nilitamani ardhi inimeze. Nikajiambia hawa watu watamwozeshaje mtoto wao kwenye nyumba ya mtu asiye na adabu ya tumbo.

Kisha akainuka, akasema katika nyumba hii hatuharakishi, akamshika fundi saa mkono akampeleka kwenye chumba cha cherehani. Nikadhani anamwonyesha mashine. Nilipopita na birika nikamkuta amemvua koti mgeni wa watu anampima mabega. Fundi saa anasema kwa upole kwamba koti analo, linamtosha. Baba yako anamwambia baba wa bwana harusi hawezi kusimama mbele za watu na koti lililochoka hivyo, geuka, inua mkono, sasa ule mwingine. Alimpima kiuno, akakisahau, akakipima tena. Huku sebuleni mkunga anameza mate waziwazi, na mdogo wako ananitolea macho kama mimi ndiye niliyeolewa na baba yake kwa makusudi. Nikarudi kule, nikamwambia chinichini kwamba chakula kinapoa, watu wana njaa, hii tabia ameitoa wapi. Akaniambia nimwache amalize mkono wa koti. Paji la uso lilikuwa linang'aa kwa jasho. Nikasema moyoni ni joto la pasi.

Sijafika hata jikoni nikasikia kishindo. Alikuwa ameshika chaki, anachora mgongoni kwa mgeni, na alipoanguka ile chaki ikashuka naye, ikaacha mstari kwenye shati jeupe la fundi saa toka shingoni mpaka kwenye mkanda. Akaanza kutapika. Mwanangu, sijawahi kuona mtu anatapika vile, utadhani kuna mkono ndani unavuta. Katikati ya kutapika akasema neno moja, msile. Kisha akasema tena, mwageni.

Yule mkunga ndiye aliyetuokoa. Ile sauti niliyokuwa naicheka ndiyo iliyotoa majirani ndani ya nyumba zao, ndiyo iliyopata gari.  Mimi nilisimama nimeshika birika. Na hapo kuna kitu nilikiona nikakielewa vibaya. Wote tunakimbia huku na huku, bibi yako amebaki kwenye mkeka anapapasa kwa viganja viwili, anatafuta ile sahani, amemwaga chai, vidole viko ndani ya chai ya moto na haondoi. Nilimruka. Namwomba Mungu anisamehe, nilimruka na kusema moyoni kwamba huyu mama mwanawe anakufa yeye anatafuta sahani.

Hospitali daktari akaniuliza amekula nini, nikasema uyoga. Akauliza nani aliuchuma, nikamwambia amelishwa na mama yake, na mama yake ametulisha uyoga kabla hujazaliwa wewe daktari, hajawahi kumuumiza hata kuku. Akasema basi leo imetokea. Wakamtundikia dripu. Alitapika mpaka hakuwa na kitu cha kutapika, midomo ikawa kama majivu, na mimi nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili walikuwa nayo wao. Nikafikiri namwandikia nini mwanangu. Nikafikiri namwambia nini mama yake.

Kesho yake mchana akapata nguvu ya kusema, akaomba niufunge mlango. Akaniambia mama haoni. Nikamwambia nani haoni. Akasema mama yangu, haoni, macho yamekwenda, kilichobaki ni mwanga na giza tu.

Nilikataa. Nikamwambia mama anatembea, anapika, anachambua, jana tu kanisema kwamba gauni langu limekunjamana. Akasema alilishika. Na kweli alilishika. Na mengine yakaanza kunijia yenyewe. Kwa nini siku hizi mnavu ananiachia mimi, anasingizia magoti. Kwa nini zambarau anaziminya kwanza ndipo anasema imeiva. Kwa nini akienda porini na baba yako anamshika bega njia nzima, na sisi tunasema angalia anavyomgombeza mtu mzima. Siku zote mimi naishi naye, nakula naye, na sikuona. Nilijiona nimepigwa na kitu kizito kisogoni.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema wakati wa jua kali mama alimpelekea chakula dukani, akaingia, akamsalimia lile sanamu la kuvalishia nguo lililoko mlangoni. Akaliamkia vizuri, akaliuliza watoto hawajambo. Baba yako alikuwa nyuma ya pazia. Aliona aibu itakayompata mama yake akijua, basi akabana sauti, akaitika kama mwanamke, akasema watoto watatu wote hawajambo, yule mdogo tu anaota meno. Bibi akampa pole. Tangu siku hiyo akabeba siri. Mama yake bibi naye alipopofuka walimweka pembeni, wakawa wanamtia chakula mkononi na hakuna aliyemuuliza neno tena, na bibi alimwambia baba yako akiwa mtoto kwamba yeye yakimkuta hayo anaomba afe mapema. Kwa hiyo baba yako akaona bora akae kimya, mama aendelee na kapu lake. Vidole vyake vilikuwa vinatosha. Uyoga mzuri una mkia mrefu, ule mbaya unaofanana nao hauna, umekaa tu juu ya ardhi na kitako kinene. Mwenye macho anaweza kuugundua hata chini ya kofia, rangi haifanani. Mwenye vidole tu anahitaji mkia.

Na mkia aliukata yeye, kwa mkasi wake. Alipoulizwa nani amekata, akauona uso wa mama yake, akaelewa hapo hapo alichokifanya.

Nikamwambia si ungesema. Ungesema tuuache uyoga, tuchinje kuku. Akasema alifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshatangaza kwa wageni, na kumnyang'anya chungu mbele ya watu ni kumvua nguo. Akaona ale yeye, awacheleweshe, kama ni mbaya utajulikana kwake. Alidhani ni tumbo kuuma tu. Nikamwambia kwa hiyo ulitaka kuniacha mjane kwa ajili ya heshima ya mezani. Akasema alikosea hesabu. Nililia, nikacheka, nikalia tena, muuguzi akachungulia akaondoka. Fundi saa naye akaja kumjulia hali, ana futi ya kupimia shingoni, alikwenda nayo kwake siku ile bila kujua. Akasema kwa upole kwamba kama afya inaruhusu, koti amelikubali. Basi uchumba uko palepale, mwambie mume wako.

Baba yako akaniapisha nisimwambie bibi kwamba anajua.

Nikarudi nyumbani kuchukua nguo. Nilimkuta bibi yako amekaa palepale, na ule ungo uko mapajani. Akanitambua kwa viatu. Akauliza yuko hai, nikasema yuko hai. Akavuta pumzi ndefu sana, kisha akaniambia nikae. Akasema yeye ndiye aliyetaka kula. Akasema vidole vilikataa vichwa vingine, vingine vikavikubali, alitupa alivyovitilia shaka lakini hakuwa na uhakika na vilivyobaki, na mbele ya wageni hakuweza kusema kwa nini. Akaona ataonja kama kawaida, mwingi, na kama ni mbaya utamkuta mzee aliyekwisha kula chumvi yake, chakula kitamwagwa, watu watasema ni umri. Mwanawe akamnyang'anya, ndiyo maana nilimkuta anapapasa mkekani, alitaka kushika kama kuna kilichobaki sahanini. Lile kofi la mkono tulilocheka, mwanangu, lilikuwa la kweli. Alikuwa anagombania sahani ya sumu na mtoto wake mwenyewe, na wageni wanatabasamu.

Nilikaa sakafuni, si kwenye kiti. Watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja yuko tayari kufa ili asitamke neno sioni, au neno huoni. Na mimi katikati nimeshika birika. Kisha naye akaniapisha. Nisimwambie mwanawe.

Hapo juu niliandika juzi, nikaificha barua chini ya godoro. Sasa naendelea, mambo yamebadilika, usishangae mwandiko ni wa kalamu nyingine.

Jana baba yako alikula nasi kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Nilipika mchicha pori, laini, usio na mafuta mengi, kwa ajili ya tumbo lake. Bibi yako akaweka sahani karibu na uso, akasema mboga imebaki na ukijani wake leo, inapendeza. Baba yako akajibu ndiyo mama, kama kitambaa kipya. Akasema hivyo kwa utamu, na yeye akatabasamu kwa utamu, na mboga yenyewe mwanangu ilikuwa imeungua, ilikuwa nyeusi. Nikawaangalia wanavyodanganyana. Nikaona nikinyamaza nitawazika wote wawili nikiwa nimetimiza viapo.

Nikaweka kijiko chini. Nikasema mama haoni, baba yao anajua, na mama alijua ule uyoga una shaka, na wote wawili mmeniapisha, na mimi siwezi. Mboga imeungua. Kuleni.

Baba yako aliniangalia kama nimevua nguo sokoni. Bibi aliendelea kutafuna. Akameza. Kisha akamuuliza mwanawe tangu lini. Baba yako akasema tangu siku ya lile sanamu. Bibi akauliza sanamu gani. Ikabidi aelezwe. Akasukuma sahani pembeni, akauliza, kwa hiyo yule mama wa watoto watatu ni wewe? Baba yako akasema ni mimi. Bibi akasema na yule mdogo wake anayeota meno nimekuwa nikimwombea kila jioni. Mabega yakaanza kumtikisika. Anacheka au analia sikujua, na baba yako naye hakujua, alikuwa amemshika mama yake miguu ameinamisha kichwa, na mimi nikaenda kusimama jikoni ambako hakukuwa na kazi.

Niliporudi walikuwa wanagombana kuhusu mkasi. Bibi anasema hajawahi kuona, na hapo akajisahihisha, hajawahi kusikia mtu mzima akikata mikia ya uyoga. Ametoa sharti moja tu: asiwekwe pembeni. Mvua ikinyesha anakwenda porini. Nimemwambia nitakwenda naye, yeye vidole na mimi macho, anifundishe ile rangi ya chini ya kofia ambayo miaka yote hakutaka kunifundisha. Amesema mimi ni mzito wa kuelewa lakini atajaribu. Kuhusu uyoga aliokutumia, anasema ule aliuchambua ukiwa na mikia yake na unaweza kumlisha hata mtoto. Mimi nasema utupe. Katika hili nisikilize mimi.

Kuna jambo nataka unisaidie. Mkunga amemtazama, anasema kuna weupe ndani, huenda ni mtoto wa jicho na unaweza kutolewa. Bibi hataki kusikia habari ya kisu karibu na jicho. Uliza huko kwenye hospitali ya macho wanafanyaje, kisha uje umweleze mwenyewe, wewe anakusikiliza kuliko sisi wote. Usimweleze mtu mwingine, mweleze yeye, na umuulize anataka nini.

Baba yako anakusalimu, anasema amepungua kiuno, sasa anapunguza suruali zake mwenyewe bure. Mdogo wako anasalimu, hajaacha kulia kwa kuona ni yeye aliyechimba, mpigie simu umtulize. Mbusu mjukuu wangu kwenye shavu la kulia na la kushoto.

Bibi yako amekaa hapa. Ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia naandika kwamba haoni. Amekaa, amefikiri, amesema niandike pia kwamba anasikia vizuri sana, kwa hiyo mkija msinong'one.

Ni mimi mama yako, nikupendaye,
Mama